Fahamu: Hatari ya mafuriko Tana River hupimwaje?

Mtu wa Garsen anaweza kufurikiwa bila tone la mvua kudondoka kwake. Maji ya Mto Tana hutoka Mlima Kenya na safu ya Aberdare, yakapitia mabwawa matano, kuanzia Masinga hadi Kiambere. Masinga likijaa na mvua ikiendelea, mabwawa yote hufurika mfululizo na maji hushuka hadi nyanda za chini.

Ndiyo maana tathmini ya hatari katika Kaunti ya Tana River haianzi kwa kuangalia mawingu ya Hola. Huanza na kina cha maji mabwawani na vipimo vya mto kule Garissa. Kisha huja swali la pili: nani yuko kwenye njia ya maji? Jamii ya Wapokomo hulima migomba na mahindi kandokando ya mto kwa sababu mafuriko hayohayo huleta rutuba. Kumwambia mkulima ahame tu ni kumwambia aache riziki.

Swali la tatu ndilo hupuuzwa zaidi: watu watatokaje? Aprili 2024 maji yalikata barabara ya Garissa pale Kona Punda, karibu na Madogo. Wasafiri wakavuka kwa boti, moja ikazama, watu wakafa. Ilijulikana kuwa mto umefurika. Kilichokosekana ni njia salama.

Ukiishi kando ya Tana, tangazo la kujaa kwa Masinga ni lako. Hamisha watoto, wazee, mifugo na mbegu mapema.