Joto Lisipotee Bure: Jiko la Udongo, Chupa ya Chai na Gesi ya Kilo Sita
Vitu vya Nyumbani Vilivyobadilisha Maisha Eastlands – Sehemu ya Pili

Wiki jana tulizungumzia mitungi na mapipa, na jinsi familia yenye pa kuhifadhi maji inavyovuka siku za mgao bila kumkimbilia mwenye mkokoteni. Leo tunaingia jikoni.

Maisha ya Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, hununuliwa kwa vipimo vidogo. Sukari ni ya robo, mafuta ya kupikia hupimwa kwenye chupa ya mteja, makaa ni ya mkebe. Si kwamba watu hawajui hesabu. Makaa ya gunia ni nafuu kwa kila kilo kuliko ya mkebe, lakini ujira wa kibarua huja kwa siku, na chumba cha futi kumi kwa kumi hakina pa kuweka gunia. Matokeo yake ni kwamba mwenye kipato kidogo hulipia moto kwa bei ya juu kuliko mwenye kipato kikubwa. Katika hali hiyo, kifaa chochote kinachozuia joto lisipotee bure kina faida kupita bei yake. Makala haya yanaangalia vitatu. Watu wengi walivinunua kwa sababu tu cha zamani kimeharibika au jirani amekisifu, kisha wakagundua kuwa mwezi una nafasi ya kupumua.

Nyumba zenyewe

Tuanze na nyumba, kwa kuwa ndizo zinazoamua mtu anapikaje. Mitaa ya zamani kama Shauri Moyo, Muthurwa na Makongeni ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi, miwili ya mwisho ikiwa ya watu wa reli. Wapangaji wake walifikiriwa kuwa wanaume waliowaacha wake zao mashambani, hivyo chumba kimoja kikaonekana kinatosha. Kaloleni ya miaka ya 1940 ilikuja na fikra tofauti, za kuishi na familia. Mwaka 1975 mradi wa Dandora, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ulianza kuwapa watu ploti zipatazo 6,000 zenye maji na choo, vyumba wajijengee wenyewe. Buruburu ya miaka hiyohiyo ya 1970 ilikuwa ya wenye mikopo ya nyumba, nayo ilikuwa na jiko lake ndani.

Waliofuata hawakuwa na bahati hiyo. Katika magorofa ya Kayole, Umoja na Pipeline, chumba kimoja ni sebule, chumba cha kulala na jiko kwa pamoja. Anayepika kwa makaa huwashia jiko kwenye korido au ngazini, akalipepea hadi moshi wa kwanza uishe, ndipo aliingize ndani. Jioni moja yenye mvua inatosha kuonyesha kazi hiyo ilivyo ngumu.

Kiuno cha jiko

Kwa miaka mingi jiko la mjini lilikuwa la bati tupu. Inasemekana liliingia na Wahindi waliokuja kujenga reli. Kasoro yake ni moja: chuma hupitisha joto upesi. Ukikaa karibu nalo unachomeka miguu huku sufuria ikisubiri, kwa maana joto ulilolipia linatoka ubavuni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, bei ya mafuta ikiwa imepanda duniani na misitu ikipungua, wataalamu wa Kenya walianza kutafuta jiko bora. Agosti 1981 Nairobi iliandaa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu vyanzo vipya vya nishati, na suala la kuni na makaa likapata uzito. Mfano ulitoka Thailand, ambako watu walipikia jiko lenye umbo la ndoo, ndani likiwa na udongo uliochomwa. Maxwell Kinyanjui na wenzake, wakishirikiana na Wizara ya Nishati na shirika la KENGO, walilibadilisha lilingane na sufuria zetu na mikono ya mafundi wetu.

Majaribio ya mwanzo yalikuwa na taabu. Udongo ulipasuka, ukalegea, ukadondoka. Suluhisho likawa umbo. Jiko lilibanwa katikati kama kiuno, juu likapanuka na chini likapanuka. Udongo ukawekwa nusu ya juu peke yake, ukakaa juu ya kiuno hicho bila kuteleza. Nusu ya chini ikabaki bati tupu, chumba cha majivu chenye mlango mdogo wa hewa. Sakafu ya udongo ikatobolewa matundu ya kupitisha majivu na hewa. Kwa kuwa udongo haupitishi joto upesi, makaa huwaka kwa nguvu zaidi na joto huelekea juu, kwenye sufuria. Jiko likitumiwa vizuri huokoa kati ya robo na nusu ya makaa, ingawa kwa matumizi ya kawaida ya nyumbani theluthi moja ndiyo hesabu ya kuaminika zaidi.

Kilichofanya jiko hili lienee ni watu waliolitengeneza. Halikufungiwa katika kiwanda kimoja. Mafundi wa Shauri Moyo na Kamukunji walifundishwa, wakaigana kwa uhuru, wakashindana kwa bei. Mwanzoni lilikuwa ghali mara kadhaa kuliko jiko la bati, lakini ushindani uliishusha bei hadi kibarua akaweza kulimudu. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 majiko zaidi ya 700,000 yalikuwa yakitumika nchini. Kutoka hapa liliingia Dar es Salaam likaitwa Jiko Bora, Ethiopia likaitwa Lakech, na Ghana likaitwa Gyapa.

Kamukunji

Anayetaka kuona linavyozaliwa afike Kamukunji, kwenye vibanda vya jua kali ambavyo serikali ilianza kuvijenga baada ya Rais Moi kuwatembelea mafundi hao mwaka 1985. Kelele za nyundo husikika kabla hujafika. Fundi hukata pipa kuukuu la mafuta, akalinyoosha, akapima kwa kigezo, akakunja vipande viwili vya umbo la koni na kuviunganisha kiunoni kwa kukunja kingo, bila kuchomelea. Kisha hufuata miguu, mikono, mlango, na vyuma vitatu vya kuegemeza sufuria. Udongo huja ukiwa umekwisha kuchomwa. Huwekwa ndani, na mwanya kati yake na bati hujazwa mchanganyiko wenye saruji.

Mnunuzi afanye mambo manne. Kwanza, agonge udongo kwa kidole: ukilia kwa sauti kavu ni mzima, ukitoa sauti iliyofifia huenda una ufa. Pili, atazame kama saruji imeshika pande zote. Tatu, afungue na kufunga mlango, maana huo ndio unaopunguza moto maharagwe yakishachemka. Mlango uliokwama ni hasara ya kila siku. Nne, siku ya kwanza awashe moto mdogo, kwa kuwa udongo wenye unyevu ukipigwa na moto mkali ghafla hupasuka. Na udongo ukichoka baada ya muda asitupe jiko. Huuzwa peke yake, na fundi wa mtaani huubadilisha akiwa amesimama.

Tufanye hesabu ya mfano. Familia inunue mikebe mitatu kila baada ya siku mbili, mkebe mmoja shilingi 80. Jiko likiokoa theluthi, mkebe mmoja kati ya hiyo mitatu haununuliwi. Hiyo ni shilingi 80 kila baada ya siku mbili, sawa na shilingi 1,200 kwa mwezi. Akiba hiyo ilionekana wazi zaidi baada ya Februari 2018, serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu na bei ya makaa ikapaa. Nayo misitu hufaidika, kwani kwa matanuri ya kienyeji kilo moja ya makaa hula kilo sita hadi kumi za kuni.

Lakini kuna jambo ambalo jiko hili haliwezi. Makaa yanayong'aa bila moshi bado hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni katika damu. Kila msimu wa baridi, Juni hadi Agosti, hadithi ni ileile: familia imeingiza jiko ndani ipate joto, imefunga dirisha, na asubuhi mlango unavunjwa na majirani. Udongo unaokaa na joto muda mrefu huongeza kishawishi cha kulala nalo. Jiko litolewe nje kabla ya kulala, bila mjadala.

Chupa ya chai

Kitu cha pili ni kikongwe zaidi. Mwaka 1892 mwanasayansi James Dewar, akiwa London, alitengeneza chupa yenye kuta mbili za kioo na utupu katikati yake. Alitaka kuhifadhi gesi zilizopozwa hadi zikawa kimiminika, wala hakuwaza chai. Pasipo hewa kati ya kuta, joto halina njia ya kupita, na kioo kilichopakwa fedha hurudisha ndani kiasi kinachojaribu kutoka kama mwanga. Mwaka 1904 Wajerumani walianza kuiuza kwa jina la Thermos.

Eastlands, chupa hii ni ajira. Alfajiri, kabla Gikomba haijafungua marobota ya mitumba na kabla malori ya Muthurwa hayajamaliza kushusha mizigo, akina mama huwa tayari na chupa zao za chai na uji. Mama huchemsha mara moja nyumbani, kisha huuza kwa saa kadhaa bila jiko wala moshi, na bila kutafuta pa kuwashia moto sokoni. Nyumbani nako, maji yaliyochemshwa jioni makaa yakingali na nguvu huwekwa kwenye chupa, na mtoto wa shule hupata chai asubuhi bila mtu kuamka saa kumi kupepea moto.

Kanuni hiyohiyo hutumika kwenye kikapu kilichojazwa matambara au sponji. Githeri ikishachemka vizuri, sufuria hufunikwa na kuzikwa humo, ikamalizika kuiva kwa joto lake yenyewe. Wengi hukidharau kwa kuwa hakina kitu cha kujionyesha.

Kilo sita

Cha tatu ni mtungi mdogo wa gesi wenye kichomeo juu, maarufu kama meko. Kilichouingiza mitaani ni sera kadhaa zilizofuatana. Kanuni za mwaka 2009 zilileta valvu ya aina moja, mteja akaweza kubadilisha mtungi mtupu wa kampuni moja kwa uliojaa wa nyingine kwenye duka la karibu. Septemba 2018 mafuta ya taa yalitozwa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili yasichanganywe na dizeli, na stovu ya mafuta ya taa ikapoteza sifa yake ya urahisi wa bei. Kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kwenye gesi nayo imepanda na kushuka: ilirudishwa kwa asilimia 16 Julai 2021, ikashushwa hadi 8 mwaka uliofuata, na kuondolewa Julai 2023. Mwenye bajeti finyu alilihisi kila badiliko.

Faida ya kwanza ya gesi ni muda. Jiko la makaa hutaka karibu nusu saa kushika moto, lakini meko huwaka papo hapo na kuzimwa papo hapo. Anayetoka Kayole saa kumi na moja alfajiri kuwahi matatu ya mjini anajua thamani ya nusu saa hiyo. Ugumu wake ni kwamba gesi hutaka pesa za mwezi mzima kwa mara moja, kinyume kabisa na mkebe. Ndiyo sababu vyama vya akina mama vimefanya kazi kubwa hapa. Wanachama huchanga, wakanunuliana mitungi kwa zamu. Siku hizi zipo pia gesi zenye mita, zinazolipiwa mdogo mdogo kwa M-Pesa.

Nayo ina hatari yake. Usiku wa Februari 1, 2024, gesi ililipuka Mradi, Embakasi, mahali palipokuwa pakijazwa mitungi bila kibali. Watu walikufa, na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Mtungi wa bei ya chini kupita kiasi mara nyingi umejazwa mahali kama hapo, au una uzito pungufu. Dai upimwe kwenye mizani mbele yako, na utazame lakiri yake. Ukifika nyumbani paka povu la sabuni kwenye maungio. Viputo vikitokea, gesi inavuja. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo hutulia sakafuni. Ukisikia harufu fungua mlango, usiwashe kiberiti wala swichi.

Familia nyingi za Eastlands hazikuacha kimoja zikachukua kingine. Chai na mayai huenda kwenye gesi, githeri na matumbo hubaki kwenye makaa, maji ya moto hukaa kwenye chupa. Wataalamu wa nishati waliotarajia watu wahame moja kwa moja kutoka makaa hadi gesi walikosea, na anayepika ndiye aliyekuwa sahihi, kwani kila chakula anakipa moto wa bei inayolingana nacho.

Kwa hiyo, msomaji mwenye chumba kimoja na pesa kidogo za ziada mwezi huu, usianze na kinachopendeza ukutani. Tazama kile unachonunua kila siku kwa vipimo vidogo, kisha utafute kifaa kitakachokipunguza. Kama ni makaa, anza na jiko lenye udongo mzima. Kama tayari unalo, nunua chupa nzuri. Gesi ifuate, kwa chama ikibidi. Wiki ijayo tutamalizia na mwanga: taa ya sola, balbu isiyokula umeme mwingi, na waya wa kurefusha ambao umeunguza vyumba vingi kuliko inavyosemwa.