Soka la ufukweni Afrika: Mwanza inasubiri bahari gani?

Oktoba 2022, timu nane zilikusanyika Vilankulo, pwani ya Msumbiji, kuwania Kombe la Mataifa ya Afrika la soka la ufukweni. Mbili kati yake, Uganda na Malawi, zilitoka nchi zisizopakana na bahari. Waganda mchezo huu wameulelea Entebbe, kwenye mchanga wa Ziwa Victoria, ziwa hilihili linalopiga mawe ya Kapripoint, wilayani Nyamagana, Mwanza.

Mashindano haya yalianza Durban, Afrika Kusini, mwaka 2006, yakiwa mechi za kufuzu tu. FIFA ilikuwa imeandaa Kombe lake la kwanza la Dunia la mchezo huu mwaka mmoja nyuma, ufukwe wa Copacabana, Rio de Janeiro, na Afrika ilihitaji utaratibu wa kupata wawakilishi wake. Cameroon ikawa bingwa wa kwanza. Durban ikabaki mwenyeji hadi 2009; Nigeria ikatwaa ubingwa 2007 na 2009, na kati ya miaka hiyo, 2008, Senegal ikauonja kwa mara ya kwanza.

Ikanogewa. Ikaubeba tena Casablanca 2011 na El Jadida 2013, kote nchini Morocco. Mwaka 2015, kwenye visiwa vya Shelisheli, Madagascar iliifunga fainali na kuivua taji. Tangu hapo hakuna aliyeigusa tena Senegal: Lagos 2016, Sharm El Sheikh 2018, Saly nyumbani kwao 2021, Vilankulo 2022 kwa penati dhidi ya Misri, na Hurghada 2024 mbele ya Mauritania. Hayo ni mataji manane. Kwenye Kombe la Dunia imemaliza ya nne mara mbili: Moscow 2021, na Shelisheli 2025, fainali hizo zilipochezwa Afrika kwa mara ya kwanza.

Ukiitazama Senegal, kinachoonekana ni mwendelezo. Kocha Ngalla Sylla alikaa na timu kwa miaka, na kipa Al Seyni Ndiaye ameonekana langoni michuano baada ya michuano. Wakati wengine huita kambi wiki chache kabla ya safari, wao hukutana wakiwa wanajuana.

Na mchezo huu hauchezeki kwa kubahatisha. Wachezaji ni watano kila upande, pekupeku, vipindi vitatu vya dakika 12, na kubadilisha wachezaji hakuna kikomo kwa sababu mchanga unakata pumzi. Pasi ya chini haifiki. Mpira ukitua kwenye shimo la unyayo hudunda upande usioutarajia. Kwa hiyo huchotwa kwa ncha ya mguu, ukapigwa danadana moja au mbili, kisha tikitaka. Faulo zote hupigwa moja kwa moja, ukuta hauruhusiwi, na kwa kawaida aliyechezewa rafu ndiye mpigaji, labda awe ameumia. Utamwona anapiga magoti, anakusanya mchanga kwa viganja, anaujenga kichuguu, anaukalisha mpira juu yake na kurudi nyuma hatua chache. Kipa hapo anabaki yeye na Mungu wake.

Tanzania imeufukuzia mchezo huu kutokea pwani. Chini ya Boniface Pawasa, beki wa zamani wa Simba, timu ya taifa ilifuzu kwa mara ya kwanza fainali za 2018 kule Misri, kisha ikaenda Saly 2021. Fainali yenyewe haijaifikia. Mazoezi na mechi vimezunguka fukwe za Dar es Salaam, Coco Beach ikiwa maarufu kuliko zote. Kijana wa Kanda ya Ziwa mwenye kipaji hicho hana pa kuonekana.

Ni kweli ufukwe wa Nyamagana una mitihani yake. Kuanzia Kapripoint hadi Igogo ni mawe, bandari na vivuko. Mwaka 2020 na 2024 ziwa lilijaa na kumeza fukwe nyingi. Sheria ya mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa maji, na kichocho bado kipo ziwani, kikimsubiri anayeingia kunawa baada ya mechi.

Lakini uwanja wa soka la ufukweni si lazima uguse maji. Kanuni zinataka urefu wa mita 35 hadi 37, upana wa mita 26 hadi 28, na mchanga laini, usio na kokoto wala chaza, wa kina kisichopungua sentimita 40. Piga hesabu ya uwanja mkubwa kabisa: ni kama mita za ujazo 415. Tipa la mita za ujazo kumi litapiga safari 42, ukiongeza chache za pembeni. Mwanza, inayojengwa kila siku, haijawahi kukosa matipa ya mchanga.

Pa kuanzia papo. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kiko Malimbe, jirani na ziwa. Chuo cha Ualimu Butimba kina jina kubwa katika michezo. Vyuo hivi viwili, uwanja mmoja na marefa waliofundishwa kanuni vinatosha kuanzisha ligi. Halmashauri ya Jiji itenge eneo, chama cha soka cha mkoa kisimamie ratiba, na Shirikisho la Soka Tanzania, TFF, lilete makocha wake mara moja kwa msimu kuangalia vipaji.

Ligi ikishasimama, mwaliko wa kwanza upelekwe Entebbe. Waganda waje watufunge mwaka wa kwanza, na wa pili ikibidi. Hata Senegal ilisubiri hadi michuano ya tatu kupata taji la kwanza.