Unataka kazi ya zimamoto, ambulensi au ulinzi? Kagua chuo kabla ya kulipa karo

Ukitembea kutoka kituo cha matatu cha Kawangware 46 hadi Kibera utakutana na vibandiko vya kozi kwenye nguzo na kuta za maduka: ulinzi, zimamoto, huduma ya kwanza, "kazi ipo baada ya mafunzo". Baadhi ya vyuo hivyo vina kibali. Vingine havina, na cheti chake hakisaidii chochote siku mwajiri anapokikagua. Karo huwa imeshalipwa, mara nyingi kwa mchango wa familia nzima.

Makala haya yanaeleza kazi za dharura na usalama zilizopo, njia halali ya kuzisomea, anayetoa leseni kwa kila kazi, na mambo ya kuthibitisha kabla ya kutoa pesa. Yanamhusu kijana aliyemaliza kidato cha nne, mzazi anayemlipia, na pia mkaazi asiyetafuta ajira lakini anayeishi kwenye ploti ambako moto wa jirani ni moto wako.

Nani anaajiri nani

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iligawa majukumu kati ya serikali ya kitaifa na kaunti. Huduma za zimamoto na udhibiti wa majanga ni kazi ya kaunti. Ambulensi pia zimo katika huduma za afya za kaunti. Polisi wako chini ya serikali ya kitaifa. Walinzi wa kampuni binafsi huajiriwa na kampuni zao, lakini sekta yao inasimamiwa na mamlaka ya kitaifa.

Kwa hivyo ukitaka kuzima moto jijini, tangazo la kazi litatoka kwa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Ukitaka kuwa polisi, litatoka kwa serikali ya kitaifa. Kote kuwili hakuna ada ya kuomba kazi. Mtu akikuambia nafasi ya zimamoto au ya polisi "inaguswa" kwa kiasi fulani cha pesa, huyo anakuibia.

Zimamoto: kazi ya kusoma moto kwanza

Wengi hudhani mzima moto ni mtu wa kushika mpira wa maji tu. Mafunzo huanza mbali na hapo. Mwanafunzi hujifunza kutofautisha moto wa mbao, nguo na karatasi, moto wa petroli na mafuta ya taa, moto wa gesi, moto wa umeme, na moto wa mafuta ya kupikia. Kila mmoja una namna yake ya kuzimwa. Maji yanayozima godoro yanaweza kumuua anayeyamwaga kwenye waya wenye umeme. Yakimwagwa kwenye karai la mafuta yanayowaka, mafuta hayo huruka na moto ukapanda hadi kwenye dari.

Baada ya hapo hufuata matumizi ya pampu, ngazi na kifaa cha kupumulia ndani ya moshi, kuokoa watu kwenye majengo yaliyoporomoka, huduma ya kwanza, na kufanya kazi kwa amri ya kiongozi mmoja. Afya njema na nguvu za mwili ni lazima. Anayeogopa urefu au giza ajue hivyo mapema.

Ni muhimu kuelewa kwamba cheti cha chuo cha kibinafsi hakikupi kazi ya zimamoto moja kwa moja. Anayeajiriwa huendelea kufunzwa kazini na wakubwa wake. Cheti halali hukusaidia kushindania nafasi inapotangazwa, na hukufungulia njia kwingine pia, kwa sababu kaunti si mwajiri pekee. Kanuni za Kupunguza Hatari ya Moto za 2007, zilizochapishwa kama Tangazo la Kisheria nambari 59, zinadai mahali pa kazi pawe na kikosi cha kuzima moto, zoezi la kuhamisha watu, na ukaguzi wa usalama wa moto kila mwaka. Ndiyo sababu viwanda, hoteli, maduka makubwa na viwanja vya ndege vinahitaji watu waliofunzwa kazi hii.

Ambulensi: tofauti ya siku chache na miezi mingi

Ibara ya 43 ya Katiba inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Anayeitimiza haki hiyo barabarani ni mhudumu wa ambulensi, ambaye kozi yake hujulikana kwa kifupi EMT. Huyu hufunzwa kufungua njia ya hewa, kuzuia damu, kumfunga aliyeumia shingo au uti wa mgongo kabla ya kumwinua, kumsaidia mama anayejifungua njiani, na kutoa ripoti inayoeleweka kwa daktari anayempokea mgonjwa. Juu yake kuna ngazi za paramediki, ambazo huhitaji masomo zaidi.

Kozi za EMT hutolewa na chuo cha mafunzo ya udaktari, KMTC, ambacho maombi yake siku hizi hupitia KUCCPS. Shirika la St John Ambulance, lililopo Kenya tangu 1928, na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, lililoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965, pia hutoa mafunzo ya huduma ya kwanza na ya dharura.

Hapa ndipo wengi hupotezwa. Kozi ya huduma ya kwanza huchukua siku chache. Inafaa kila mtu, lakini haikufanyi kuwa mhudumu wa ambulensi. Aidha, cheti chake huisha muda na lazima kifanyiwe upya. Chuo kikikuahidi kazi ya ambulensi kwa kozi ya wiki moja, ondoka.

Ulinzi: lango ndilo kazi yenyewe

Soja wa langoni ndiye mtaalamu wa usalama tunayemwona kila siku na kumheshimu kidogo kuliko wote. Historia ya jiji hili inaonyesha uzito wa kazi yake. Tarehe 7 Agosti 1998 lori la mabomu lilipofika kwenye lango la nyuma la ubalozi wa Marekani, katikati ya Nairobi, walinzi Wakenya waliokuwa hapo walikataa kulifungulia. Mmoja alijaribu kuita msaada kwa redio na simu, akakuta laini zina shughuli. Watu zaidi ya 200 waliuawa na maelfu wakajeruhiwa. Wengi waliumizwa na vioo kwa sababu waliposikia mshindo wa kwanza walikimbilia madirishani kuchungulia.

Tukio hilo lina mafunzo mawili ambayo leo yanapaswa kuwa katika kila darasa la ulinzi: mlinzi lazima awe na njia ya uhakika ya kupiga kamsa, na watu ndani ya jengo lazima wajue la kufanya wakiisikia.

Sheria inayosimamia kazi hii ni Sheria ya Udhibiti wa Ulinzi Binafsi ya 2016, iliyounda mamlaka inayoitwa PSRA. Chini yake, mlinzi anapaswa kuwa raia wa Kenya, awe ametimiza miaka 18, awe na cheti cha tabia njema kutoka kwa idara ya upelelezi, DCI, awe amepata mafunzo katika taasisi inayotambuliwa, na awe amesajiliwa. Aliyesajiliwa hupewa nambari yake ya mlinzi. Nambari hiyo ni yake yeye, si ya kampuni, na humfuata akibadilisha mwajiri.

Cheti cha tabia njema huombwa kupitia eCitizen, kisha alama za vidole huchukuliwa. Mkaazi wa Kibera au Kawangware anaweza kuuliza katika Huduma Centre ya Kibra badala ya kwenda hadi makao makuu ya DCI katika Barabara ya Kiambu. Huhitaji wakala.

Mafunzo yenyewe hugusa sheria inayohusu upekuzi na mipaka ya mamlaka ya mlinzi, kuandika kitabu cha matukio kwa njia inayokubalika mahakamani, kukagua magari na mizigo, kudhibiti umati, mtungi wa kuzima moto, na huduma ya kwanza. Kabla ya kusaini mkataba, soma pia haki zako. Sekta hii ina amri yake ya mishahara tangu 1998, inayogusa saa za kazi, malipo ya saa za ziada na marupurupu ya nyumba. Kampuni inayokuomba kazi ya saa 12 bila kutaja saa za ziada inafaa kuulizwa.

Kwa anayetaka kupanda zaidi

Nyuma ya anayeshika mpira wa maji kuna anayepanga: wapi magari yakae, mvua kubwa ikitabiriwa ni mitaa ipi ionywe kwanza, shule ipi itapokea waliohama. Hiyo ndiyo kazi ya afisa wa kudhibiti majanga. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, kina kitivo kizima cha udhibiti wa majanga na misaada ya kibinadamu. Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri, kina taasisi ya uhalifu, uchunguzi na usalama. Anayevutiwa na usalama wa ndege anaweza kuuliza katika East African School of Aviation, Embakasi. Mlinzi au mhudumu wa ambulensi anayeendelea kusoma akiwa kazini huingia katika masomo haya na uzoefu ambao mwanafunzi wa kawaida hana.

Kabla ya kulipa hata shilingi moja

Uliza maswali haya na udai karatasi, si maneno:

1. Nani amekiidhinisha chuo? Chuo cha ufundi huidhinishwa na TVETA, chuo kikuu na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, shule ya walinzi na PSRA. Wakufunzi wa huduma ya kwanza na usalama wa moto kazini huidhinishwa na Idara ya Usalama na Afya Kazini, DOSHS.

2. Je, kozi yenyewe imeidhinishwa? Chuo kinaweza kuwa na kibali cha kufunza upishi na kisiwe na kibali cha kufunza ulinzi.

3. Nani hutahini na kutoa cheti? Kama ni chuo chenyewe tu, uliza waajiri wawili kama wanakitambua.

4. Mafunzo ya vitendo yako wapi? Omba kuona vifaa. Zimamoto haifunzwi kwa ubao na chaki pekee.

5. Karo yote ni kiasi gani? Omba orodha ya malipo yenye sare, mtihani na usajili. Lipa kwa akaunti ya chuo na uchukue risiti. Usitume pesa kwa simu ya mtu binafsi.

6. Ahadi ya kazi imeandikwa? Chuo hakiwezi kukuhakikishia ajira ya serikali.

Ukikosa jibu, nenda kwa ofisi ya msimamizi wa wadi yako na uulize kabla hujalipa. Kwa mwanafunzi wa chuo kilichoidhinishwa, HELB ina mikopo ya vyuo vikuu na ya vyuo vya ufundi, na hazina ya basari ya wadi huwa wazi kwa kipindi kinachotangazwa.

Dakika za kwanza ni za majirani

Asubuhi ya 23 Septemba 2019, madarasa ya shule moja ya Ng'ando, Dagoretti, yaliporomoka na watoto wasiopungua 7 wakafa. Katika mikasa ya aina hii, mikono ya kwanza huwa ya majirani na wazazi. Hata gari la zimamoto likitoka mara moja, lazima lipenye Naivasha Road yenye matatu, mikokoteni na vibanda, kisha lisimame pale uchochoro unapokuwa mwembamba kuliko gari.

Kwa sababu hiyo tunahimiza kila ploti, shule, kanisa, msikiti na chama cha boda boda kiwe na angalau watu wawili waliofunzwa huduma ya kwanza. Wakati unasubiri nafasi ya mafunzo, anza na haya:

Gesi ikivuja, funga mtungi, fungua mlango na dirisha, na usiguse swichi yoyote, si kuwasha wala kuzima. Moto ukianzia kwa umeme, zima swichi kuu kama unaweza kuifikia salama, na usitumie maji. Aliyeungua apozwe kwa maji safi ya bomba kwa dakika 20. Usimpake dawa ya meno, unga wala mafuta. Mtu akianguka na hapumui, mwite msaidizi, weka viganja katikati ya kifua chake na ubonyeze kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike. Kibanda kisijengwe kwenye njia pekee ya kuingia ploti.

Kwa dharura piga 999 au 112. Msalaba Mwekundu hupatikana kwa 1199. Unapopiga, taja kwanza mahali ulipo kwa alama inayojulikana: kituo cha matatu, shule, kanisa au soko. Kisha mtume mtu asimame barabarani kuongoza gari. Anayepokea simu hajui ploti ya nani iko nyuma ya duka la nani.