Hofu Inayoingia kwa Maneno

Mtoto wa Rugenge, hapa Uvira, hajawahi kuumwa na mamba, lakini mtajie Gustave giza linapoingia, uone kama ataendelea kuoga ziwani. Hilo ndilo jina ambalo Mfaransa Patrice Faye alimpa mamba mkubwa wa mlango wa mto Ruzizi, aliyekisiwa kuwa na urefu wa mita 6 hivi. Filamu ya mwaka 2004 ilionyesha kizimba cha chuma alichotegewa. Hakuingia.

Neno linafanyaje kazi ya meno? Mwaka 2001 Elizabeth Phelps na wenzake, huko Marekani, waliwaambia watu kwamba rangi fulani ikitokea huenda wakapigwa shoti. Hakupigwa mtu. Hata hivyo viganja vilitoka jasho, na amigdala ya kushoto, kijisehemu cha ubongo chenye umbo la lozi, ikashtuka kana kwamba hatari imeshafika. Maelezo tu yalitosha. Mama zetu walilijua hilo bila maabara.

Ndiyo maana mchezo wa kompyuta unaweza kutisha kwa maandishi matupu. Colossal Cave Adventure, wa miaka ya 1970, haukuwa na picha hata moja. Mwandishi wake, Will Crowther, alikuwa mpenda mapango, na ramani yake aliitoa kwenye mapango halisi ya Mammoth, Kentucky, aliyoshiriki kuyapima. Humo, ukitembea bila taa, huenda ukatumbukia shimoni. Wajapani nao, mwaka 2023, walitoa Paranormasight, mchezo wenye maandishi tele juu ya visa saba vya kale vya mtaa wa Honjo, Tokyo. Mkazi wa huko akiucheza usiku, kesho yake anapita palepale aliposoma kuwa mtu amekufa.

Sasa fikiria wa kwetu. Usiku hauna mwezi, kwa kuwa ndagala hufuata taa gizani. Umesimama bandarini Kalundu unahesabu taa za wavuvi: kumi na moja. Unahesabu tena: kumi. Hakuna mtumbwi uliorudi.

Picha sikukupa, umeichora mwenyewe kwa ziwa unalolijua. Tena mchezo wa maandishi ni rahisi kwa sisi tunaonunua megabaiti kwa kupima: herufi moja huchukua baiti moja, na kitabu kizima cha maandishi ni chepesi kuliko picha moja ya simu. Vijana wa Uvira mnaojua kuandika programu, kaeni na wavuvi wazee kwanza, kisha andikeni.