Neema si Mkopo

Mwaka 1901 serikali ya Wajerumani ilitoa agizo lililompa mtumwa wa Afrika Mashariki ya Kijerumani haki ya kujikomboa. Agizo hilo halikufuta utumwa. Lilisema mtumwa aachiwe siku mbili kwa juma za kujifanyia kazi zake mwenyewe, na akishalipa bei aliyokadiriwa, bwana wake asimzuie. Anaandikiwa hati bomani, anakwenda zake. Tabora, mahali ambapo njia ya misafara kutoka Bagamoyo iligawanyika, moja ikaelekea Ujiji na nyingine Karagwe na Buganda, ilikuwa miongoni mwa sehemu zenye watumwa wengi zaidi nchini. Hati za uhuru, za kujikomboa na za namna nyingine, zilitolewa kwa makumi ya maelfu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Utumwa wenyewe ulipigwa marufuku kisheria mwaka 1922, nchi ilipokuwa chini ya Waingereza.

Nawakumbusha wasomaji agizo hilo kwa sababu Wakristo wengi wanauelewa wokovu kwa namna hiyohiyo. Mungu amepanga bei na ametupa siku za kazi. Ukifunga Kwaresima, ukitoa zaka, usipokosa jumuiya, ukiacha pombe, mwisho wa yote utaandikiwa hati. Sikiliza wasifu wa marehemu unavyosomwa msibani: amejenga kanisa, amesomesha yatima, ameimba kwaya kwa miaka mingi, kwa hiyo tuna hakika yuko mahali pema. Hapo neno "kwa hiyo" limebeba teolojia nzima, na teolojia hiyo haifundishwi na kanisa lolote kati ya yale ya zamani mkoani Tabora. Wakatoliki hawaifundishi, ingawa majirani zao hudhani wanaifundisha. Wamoraviani hawaifundishi, wala Walutheri, wala Waanglikana. Inajifundisha yenyewe, kwa kuwa mambo mengine yote maishani tunayalipia.

Mtume Paulo aliishi katika miji ambamo watu waliuzwa na kununuliwa, na alipotafuta lugha ya kusimulia kazi ya Kristo aliiokota sokoni: ukombozi, bei, kununuliwa. Ila kwake anayelipa ni mwingine. Mtumwa hana siku mbili za kujifanyia kazi. Hana hata siku moja. Katika Waraka kwa Waefeso, sura ya pili, mpangilio wake uko wazi. Kwanza neema, yaani Mungu anaanza yeye, bila kuombwa wala kulipwa. Kisha imani, ambayo ni kuipokea neema hiyo na kumwegemea aliyeitoa. Matendo mema yanakuja katika aya ya kumi, na yanakuja kama kazi ambayo mtu aliyekwisha kuumbwa upya ameandaliwa aifanye. Wahubiri wengi huishia aya ya tisa, mahali panaposemwa kwamba mtu asijisifu, wakaiacha ya kumi. Wengine huianza ya kumi bila kupita kwenye zile mbili zinazoitangulia. Makosa yote mawili nimeyasikia kwenye mimbari, wakati mwingine Jumapili moja.

Mwalimu mkubwa wa jambo hili alikuwa Mwafrika. Augustino alizaliwa mwaka 354 Thagaste, katika nchi tunayoiita Algeria leo, akawa askofu wa Hippo, na miaka yake ya mwisho aliitumia kubishana na Pelagio na wafuasi wake, waliofundisha kwamba binadamu anaweza kuishika njia ya haki kwa nguvu za utashi wake. Augustino alijibu kwamba hata ule utashi wa kumtafuta Mungu ni zawadi. Jibu hilo limewahi kulaumiwa kwamba linawalegeza watu: kama yote ni zawadi, nijisumbue kwa lipi? Lakini kuna barua yake moja, iliyogunduliwa pamoja na nyingine na kuchapishwa katika karne ya 20, ambamo anasimulia jinsi wafanyabiashara wa watumwa walivyokuwa wakizoa watu pwani ya Afrika Kaskazini, na jinsi Wakristo wa Hippo walivyowatoa mikononi mwao watu wapatao 120. Waumini waliofundishwa na Augustino kwamba yote ni neema hawakukaa wakikunja mikono.

Algeria hiyohiyo, karne ya 19, ndiyo inayotuleta upande wetu. Mtoto mmoja aliyezaliwa kando ya mto Niger, katika nchi ya Mali ya leo, alitekwa, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa, kisha akakombolewa huko Algeria na Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie mwaka 1868. Alibatizwa kwa jina la Adriano Atiman. Akapelekwa Malta kusomea utabibu, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, baada ya safari ya msafara kutoka pwani. Aliishi Karema mpaka alipofariki mwaka 1956, akiwa tabibu na katekista kwa miaka 67. Alioa hapohapo, na mwanawe Joseph akawa padri. Maisha yake aliyasimulia katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1946.

Mtu akitaka mfano wa matendo yanayoifuata neema, ameupata. Hakuna aliyempima Atiman kwanza kama atafaa. Fedha ilitolewa akiwa mtoto asiyejua hata lugha ya aliyemkomboa. Wagonjwa aliowatibu Karema walikuwa bado mbali sana.

Ila napenda kukaa kidogo na upande usiopendeza wa habari hii, maana huko ndiko somo linakouma. Mapadre Weupe walipita Tabora kwa mara ya kwanza mwaka 1878, na mapema katika miaka ya 1880 wakafungua kituo Kipalapala, nje kidogo ya mji, kwa ajili ya watoto waliokombolewa. Waliwanunua kwa wafanyabiashara wa eneo hilo. Kituo kilifungwa mwaka 1889, uhusiano na Mtemi Isike wa Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, ulipokuwa umeharibika. Tangu enzi hizo kuna hoja nzito dhidi ya utaratibu ule: kila mtoto aliyenunuliwa alimwachia mfanyabiashara fedha ya kwenda kutafuta mwingine. Hoja ya pili ni ya kiroho zaidi. Mtoto aliyekombolewa alilelewa na aliyemkomboa, akafundishwa dini yake na kazi aliyopangiwa, na kabila lake na nyumbani kwao vilikuwa mbali. Angeweza kweli kusema "hapana"? Au alikuwa ametoka kwenye mnyororo akaingia kwenye deni?

Siwalaumu wamisionari wale kwa wepesi. Mbadala wa mtoto yule ulikuwa jamvi la mnadani. Nataka tu tuone tofauti kati ya zawadi na mkopo. Mkopo hukupa leo ili ukulipishe kesho, hata kama jina lake ni shukrani. Wakristo wengi waliokwisha kuikataa dini ya kujikomboa wenyewe wamejikuta katika hii ya pili: Yesu alinifia, basi mimi nitamlipa nini? Na wanalipa, mwaka hadi mwaka, wakiwa na hofu kwamba marejesho hayatoshi. Paulo alikuwa ameliona hilo kwa Wagalatia. Alichokiandika katika sura ya tano ya waraka wake kwao ni kwamba kinachohesabika ni imani inayofanya kazi kwa njia ya upendo. Nani aliwahi kupenda kwa kulipa deni? Waswahili walisema tenda wema nenda zako, na Mungu wa Paulo hutenda wema hivyohivyo, hakai mlangoni akingoja marejesho.

Yakobo ndiye anayetajwa kila ubishi huu unapoanza, kwa sababu anaandika katika sura ya pili kwamba imani isiyo na matendo imekufa. Luther, katika utangulizi wa tafsiri yake ya Agano Jipya ya mwaka 1522, aliudharau waraka huo. Nadhani alikosea. Paulo anamjibu mtu anayetaka kununua uhuru wake. Yakobo anamjibu mtu mwenye hati mfukoni anayempita ndugu yake mwenye njaa akimtakia heri. Ni wagonjwa wawili, na dawa ya mmoja haimfai mwingine.

Njia ya misafara ina habari nyingine inayolitatiza jambo hili vizuri. Agosti 1872, huko Kwihara karibu na Tabora, David Livingstone alipokea wapagazi waliotumwa na Stanley kutoka pwani. Miongoni mwao alikuwamo Jacob Wainwright, mtumwa wa zamani aliyesomeshwa katika shule ya misheni ya Nasik, India. Livingstone alipokufa kijijini kwa Chitambo, Mei 1873, Wainwright ndiye aliyesoma ibada ya maziko ya moyo wake. Kisha wenzake, wakiongozwa na Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone wa miaka mingi, wakaubeba mwili. Walipofika Unyanyembe mnamo Oktoba, Mwingereza Cameron aliwashauri wauzike hapo. Wakakataa, wakaendelea mpaka Bagamoyo, Februari 1874. Aliyewaajiri alikuwa amekufa. Ujira wa kazi hiyo hakuna aliyekuwa amewaahidi. Wainwright alikuja kufariki Urambo mwaka 1892.

Sasa, Susi wakati ule hakuwa Mkristo. Alibatizwa Unguja mwaka 1886, miaka 13 baada ya tendo lililompa jina. Tendo lake tuliite nini? Kuna mafundisho ya kale yaliyosema matendo ya wasioamini hayana thamani mbele za Mungu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, ulifundisha kwamba wasiomjua Kristo bila kosa lao, wakimtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, nao husukumwa na neema katika kutenda yaliyo mema. Walutheri na Wamoraviani wengi wataongeza tahadhari hapo. Mimi naona maelezo hayo yanaitukuza neema zaidi ya kuipunguza: kumbe imekwisha kupita njiani kabla ya mhubiri.

Huko Urambo alikofia Wainwright, Wamoraviani waliichukua kazi ya misheni mwaka 1898, na hawa wana historia yao katika ubishi huu. Ni wao waliomwathiri John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, hadi moyo wake ukapata uhakika wa wokovu jijini London, Mei 1738. Miaka mitatu baadaye Wesley na Zinzendorf, kiongozi wao, walikutana wakahojiana juu ya utakatifu: je, aliyeokoka huendelea kukua katika utakatifu, au amekwisha kuupata wote ndani ya Kristo? Hawakuafikiana. Anayesikiliza mabishano ya walokole na wasio walokole katika mitaa ya Tabora anasikia swali lilelile.

Kati ya Walutheri na Wakatoliki, mgogoro ulitulizwa rasmi tarehe 31 Oktoba 1999, walipotia saini Augsburg Tamko la Pamoja kuhusu Kuhesabiwa Haki. Wamethodisti walijiunga mwaka 2006. Tamko linakiri kwamba mtu hupokelewa na Mungu kwa neema pekee, kwa imani katika kazi ya Kristo, pasipo stahili yoyote ya kwake, na kwamba Roho Mtakatifu ndiye anayemwezesha kutenda mema. Ni jambo kubwa, na inasikitisha kwamba parokia na sharika nyingi hazijawahi kulisikia likisomwa.

Wakati huohuo kujikomboa kumerudi kwa mlango mwingine. Mhubiri anayekuambia upande mbegu ya kiasi fulani ili ndoa ifunguke anapanga bei kama ofisa wa boma, tena yule ofisa alikuwa mkweli zaidi: ukilipa, hati ulipewa.

Hata hivyo Tamko halikumaliza yote. Wakatoliki wanaendelea kusema mastahili, wakimaanisha kwamba Mungu huzituza karama zake mwenyewe ndani ya mtu. Walutheri husema afadhali neno hilo lisitumike kabisa. Rehema zilizotolewa katika Jubilei ya mwaka 2025 ziliwafurahisha Wakatoliki na kuwashangaza majirani zao, waliokumbuka kwamba ubishi wa Luther wa mwaka 1517 ulianzia hapohapo. Padri ataeleza kwamba rehema haifuti dhambi, huondoa adhabu ya muda ya dhambi iliyokwisha kusamehewa, na kwamba hainunuliwi. Mchungaji wa Kimoraviani atamsikiliza kwa heshima, kisha atauliza: kama imekwisha kusamehewa, adhabu iliyobaki ni ya nini?