Tarihi na Haki ya Kusimulia: Kutoka Kilwa hadi Kwala

1. Utangulizi

Neno habari katika Kiswahili limebeba mizigo miwili. Msomaji wa gazeti hulitumia kwa jambo lililotokea jana. Waandishi wa pwani wa mwishoni mwa karne ya 19 walilitumia pia kwa masimulizi ya mji au ukoo tangu asili yake. Ndiyo maana masimulizi aliyoyachapisha Carl Velten mwaka 1907 yana vichwa kama "Khabari za kale za Kilwa", na Abdallah bin Hemedi 'l Ajjemy akaiita kazi yake Habari za Wakilindi.

Makala hii inajadili utanzu huo, ambao wataalamu wa fasihi huuita tarihi, na safari yake katika historia, uandishi wa habari na fasihi. Hoja kuu ni kwamba tarihi haitambuliwi kwa tarehe peke yake. Hutambuliwa kwa mambo matatu: mfuatano wa wakati, mnyororo wa wasimulizi, na dai la haki ambalo masimulizi yanalitetea. Anayeisoma tarihi bila kulitafuta dai hilo huwa amesoma nusu yake tu.

2. Tarihi miongoni mwa tanzu

Mulokozi (1989) anaiweka tarihi miongoni mwa salua, yaani masimulizi yanayohusu matukio ya kihistoria, na kuitofautisha na tanzu jirani kwa kule kuandamana kwa matukio na tarehe zake. Uainishaji huu una manufaa, lakini unaacha swali moja. Tarihi nyingi za Kiswahili zilizotufikia zina tarehe chache sana. Kinachoziunganisha ni orodha ya watawala: fulani akafa, akatawala mwanawe. Wakati hupimwa kwa vizazi kuliko kwa miaka.

Kwa upande mwingine, Hayden White (1987) alitofautisha orodha ya miaka, tarihi na historia kamili, akisema kwamba tarihi husimulia lakini haifikii hitimisho, bali hukatika pale mwandishi alipofika. Maelezo hayo yanazifaa tarihi za Ulaya ya zama za kati. Zile za pwani zinayakubali kwa sehemu tu. Nyingi hukatika kweli, lakini hitimisho lake limekwisha kutolewa mwanzoni, katika kisa cha asili.

3. Kilwa: kisa cha nguo

Mfano bora ni tarihi ya Kilwa. Toleo la Kiarabu liliandikwa na mtu aliyezaliwa mwaka 1499, ambaye jina lake halikuhifadhiwa. Toleo jingine lilimfikia Mreno João de Barros, aliyelitumia katika kitabu chake cha mwaka 1552. La Kiswahili lilichapishwa na Velten. Kwa mujibu wa masimulizi hayo, mtawala wa kwanza, aliyetoka Shirazi, alikipata kisiwa kutoka kwa mwenyeji wake kwa kumlipa nguo. Toleo la Kiarabu linaongeza kwamba nguo hizo zilitosha kukizunguka kisiwa chote.

Wanahistoria wamelipima andiko hili kwa ushahidi mwingine. Sultani al-Hasan bin Sulaiman anatajwa katika tarihi. Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331, na sarafu zenye jina lake zimepatikana. Kuhusu mwanzo wa ukoo, hesabu ya de Barros inaelekea karne ya 10, ilhali uchimbaji wa Neville Chittick ulimfanya ausogeze hadi mwishoni mwa karne ya 12. Kwa hiyo tarihi hiyo hiyo inaaminika mahali pamoja na kutiliwa shaka mahali pengine.

Je, kisa cha nguo ni uongo? Swali hilo halitufikishi mbali. Kisa kinasema kwamba kisiwa kilinunuliwa, hakikunyang'anywa, na kwamba kabla ya mgeni palikuwa na mwenyewe. Hiyo ni hati ya umiliki iliyoandikwa kwa lugha ya hadithi. Humpa mtawala haki yake, na papo hapo humkumbusha kwamba aliipata kwa mapatano.

4. Mrima na bara yake

Dai la namna hiyo linaonekana pia katika masimulizi ya Mrima kuhusu Washomvi na Wazaramo. Inasimuliwa kwamba Washomvi walipovamiwa na Wakamba, walimwomba msaada Pazi Kilama wa Uzaramo. Aliwashinda wavamizi, na Washomvi wakakubali kumlipa ada. Kwa kisa hicho watu wa pwani wanakiri kwamba wana deni kwa watu wa bara.

Hata hivyo, ni muhimu kuangalia nani alishika kalamu. Maandishi mengi ya wakati huo yalitoka mijini pwani, nayo nchi ya nyuma yake, kuanzia Kisarawe hadi bonde la Ruvu, huingia pale tu pwani inapoihitaji. Wazaramo wanafika, wanapigana, kisha wanatoweka katika ukurasa.

5. Gazeti na fasihi

Magazeti yaliurithi utanzu huu na kuubadilisha. Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, lilipokea habari kutoka miji mbalimbali, zikiandikwa na wasomaji wenyewe. Ukizisoma kwa mfululizo, zinakuwa tarihi ya nchi. Lakini gazeti limeukata mnyororo. Msimulizi aliyejulikana kwa ukoo wake amekuwa "Mwandishi Wetu", na tukio husimama peke yake bila lililolitangulia. Dai nalo halikuondoka, limefichwa tu katika uteuzi wa nani anukuliwe.

Fasihi ilichukua njia nyingine. Katika Habari za Wakilindi, iliyochapwa Magila kwa sehemu kati ya mwaka 1895 na 1907, wahusika wanazungumza, wanashauriana na kudanganyana. Mbega, mwindaji aliyetoka Nguu, ana uhai wa mhusika wa riwaya. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy naye alivisimulia vita vya Wajerumani vya Mrima kwa utenzi, akiifanya tarihi kuwa kitu cha kuimbwa na kuhifadhiwa moyoni.

6. Kwala: tarihi ambayo haijaandikwa

Tarehe 31 Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua bandari kavu ya Kwala, wilayani Kibaha, pamoja na usafirishaji wa mizigo kwa reli ya kisasa. Jina la Kwala likaingia katika magazeti yote. Mtafiti wa miaka 100 ijayo atazipata hotuba, uwezo wa bandari na majina ya viongozi. Akitegemea hayo tu, atadhani kwamba Kwala ilianza siku hiyo.

Ukweli ni kwamba ukanda huo ulipitiwa na reli iliyofika Morogoro mwaka 1907, na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilibadilisha makazi ya watu wa vijijini nchini kote. Nani alihamia wapi, mashamba na makaburi ya nani yalibaki nyuma, na jina la mahali lilitoka wapi, ni mambo yanayokaa vinywani mwa wazee. Ardhi inapopanda thamani, masimulizi hayo hugeuka ushahidi, kama kisa cha nguo kilivyokuwa Kilwa.

Wanafunzi wa Kiswahili wana kazi hapo. Waandike jina la kila msimulizi na aliyemsimulia. Waweke matoleo yanayopingana bega kwa bega bila kuyasawazisha, na waulize kila toleo linatetea haki ya nani. Kisa cha nguo kimetufikia kwa kuwa palikuwa na mtu aliyekiandika. Jina la mwenyeji aliyezipokea nguo hizo halipo katika toleo la Kiarabu.