Asiyeona Naye Ajipimie Dawa Yake

Katiba yetu ya 2010 inatamka, katika kifungu cha 54, kwamba mlemavu ana haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vizuizi vya ulemavu wake. Natamani kifungu hicho kisomwe kwa sauti katika kila duka la dawa kutoka Jogoo Road hadi Kayole.

Kisukari hupofusha, hilo madaktari hawachoki kutuambia. Lisilosemwa ni jinsi aliyepofuka atakavyojitibu siku ya pili yake. Aghalabu mgonjwa hupewa vichupa viwili vya insulini. Dawa moja ni angavu na hufanya kazi upesi. Nyingine ina ukungu mfano wa maziwa yaliyotiwa maji, nayo hufanya kazi polepole. Kwa macho tofauti ni dhahiri. Kwa vidole vichupa hivyo ni pacha, na vistari vya bomba la sindano havipapasiki. Akizidisha kipimo, sukari hushuka, naye aweza kuzirai, hata kufa.

Jirani yangu mtaani Maringo, mzee asiyeona, hupimiwa dawa na mjukuu wa miaka 12. "Babu, usiguse mpaka nirudi," mtoto humwambia kila aendapo shule. Mtoto akichelewa, mzee hungoja, na chakula nacho hungoja.

Wapo watakaosema tuige Ulaya, ambako sheria ya 2004 iliagiza jina la dawa liandikwe kwa Braille juu ya paketi. Ni jambo jema. Lakini aliyepofuka ukubwani mara nyingi hakujifunza maandishi hayo, na kisukari chenyewe huweza kutia vidole ganzi. Isitoshe, paketi ndiyo hutupwa kwanza!

Sauti ingemfaa zaidi. Mashine za kupima sukari zinazotamka matokeo zimekuwapo kwa miaka mingi. Kalamu ya insulini nayo hulia kwa kila kipimo, ingawa watengenezaji huonya kwamba asiyeona asiitumie bila msaada wa mtu aliyefunzwa. Hata ule mpira mwembamba wa kufungia noti, ukivishwa kichupa kimoja, hutenganisha dawa mbili kwa gharama isiyofika shilingi kumi.

Basi Kaunti ya Nairobi ianzie Hospitali ya Mama Lucy Kibaki: siku ya kliniki ya kisukari, asiyeona atengewe muuguzi wa kumfundisha kwa mikono, na mashine zitakazonunuliwa ziwe za kusema, tena kwa Kiswahili.